Mbunge wa upinzani akisimama Dodoma, Mbeya inapata nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, nafanya kazi hapa Mbeya. Nimesikia kwamba Kenya kuna seneta wa upinzani aliyelishikilia suala la afya ya akili mpaka likawa sheria. Nikakumbuka kwamba sisi huku tulikuwa na wabunge wa upinzani kuanzia 2010 hadi 2020: Mbeya Mjini, Iringa Mjini, baadaye na Tunduma. Mpaka leo kwenye vijiwe vya Mwanjelwa watu wanabishana. Mmoja anasema walikuwa wanatusemea, mwingine anasema walipiga kelele tu, hata zahanati hawakuleta. Mchango wa mbunge wa upinzani kwenye elimu, afya na ustawi wa jamii unapimwaje? Na je, tatizo letu ni kukosa Seneti?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na Seneti, hilo halina maneno mengi.

Seneti ya Kenya ililetwa na Katiba yao ya 2010, ikaanza vikao 2013. Ina maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na wengine wa kuteuliwa kupitia vyama. Kazi yake kubwa ni kulinda maslahi ya kaunti, na kwa kuwa huduma nyingi za afya kule ziko mikononi mwa kaunti, seneta akizungumzia hospitali yuko kwenye uwanja wake wa nyumbani. Uliyemsikia bila shaka ni Sylvia Kasanga, aliyeingia baada ya uchaguzi wa 2017 kama seneta wa kuteuliwa kupitia Wiper, chama ambacho wakati huo kilikuwa upinzani. Muswada wake wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Akili aliuanza 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akausaini Juni 2022. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Ulipita Seneti, ukapita Bunge la Taifa, na njiani wataalamu na wananchi wakatoa maoni. Hakuna hotuba moja katika safari hiyo ambayo ungeinyooshea kidole ukasema hii ndiyo iliyoleta sheria.

Sisi Bunge letu ni moja, na sioni kwamba nyumba ya pili ingebadilisha sana kile unacholalamikia. Kinachombana mbunge wetu kiko ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 63 inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri swali lolote, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango na kutunga sheria. Halafu inakuja ibara ya 99, ambayo kijiweni huwa haitajwi kabisa. Inasema jambo la kuongeza kodi, au la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, halishughulikiwi na Bunge mpaka Rais alipendekeze na waziri aliwasilishe. Kwa hiyo mbunge, awe wa CCM au wa upinzani, hawezi kusimama akasema anaiongezea Hospitali ya Wazazi Meta bilioni moja, na zikaongezeka. Anaweza kuomba, kumbana waziri, kukwamisha, hata kuaibisha. Kutoa fedha hawezi.

Ndiyo maana huyo anayeuliza zahanati iko wapi anamdai mbunge deni la halmashauri na Hazina. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliotungiwa sheria 2009, lakini jina lake linajieleza: ni wa kuchochea. Unanunua bati na saruji pale wananchi walipokwisha kunyanyua maboma. Sera ya afya haitoki humo.

Na huyo anayesema walitusemea, mwulize: walisema nini, kwa waziri gani, naye waziri akajibuje? Mimi kipimo changu ni hicho cha mwisho. Naangalia kama mbunge alimfanya waziri atamke jambo ambalo mwaka unaofuata anaweza kudaiwa. Yote mengine, makofi, vijembe, kutolewa nje na askari, nayasoma lakini siyahesabu.

Chukua kipindi cha maswali. Mbunge anapeleka swali lake mapema, linapangiwa siku, naibu waziri anasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Jibu limeandikwa na wataalamu wa wizara na limepita kwa wakubwa. Litamalizikia kwenye maneno unayoyajua: Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zinavyopatikana. Hapo hakuna ahadi. Kazi ya mbunge inaanza kwenye maswali mawili ya nyongeza, kwa sababu hayo waziri hakuyaona kabla. Mbunge mvivu atayatumia kumshukuru Spika na kuingiza barabara ya kata yake. Aliyejiandaa atauliza: fedha hizo ziko kwenye kasma ipi, yaani mstari upi wa bajeti, na zitatoka kabla ya Juni au baada? Waziri akitaja mwezi, mwezi huo umeingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, na hautoki.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni Kamati ya Matumizi, kwa sababu pale mbunge mmoja asiye na wingi wa kura anaweza kumsimamisha waziri nusu saa nzima. Hotuba ya wizara imekwisha, wachangiaji wamekwisha, Bunge linakaa kama kamati kupitisha fungu kifungu kwa kifungu. Ukisoma Fungu 52, la Wizara ya Afya, utaona wabunge wanarundikana kwenye kifungu 1001, utawala na rasilimali watu. Mshahara wa waziri unakaa hapo, na kwenye mshahara ndipo masuala ya sera yanapoulizwa. Mbunge anauliza, anatanguliza kwamba asiporidhika atatoa shilingi. Waziri anajibu. Mbunge anasema hajaridhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara, wenzake wanasimama kumuunga mkono, mjadala unafunguka. Mara nyingi mwisho wake ni kurudisha shilingi, na watu wa nje wanacheka: kelele zote zile kwa shilingi moja, tena akairudisha! Soma lakini alichokisema waziri kabla haijarudishwa. Mara nyingi ndipo utakuta "naahidi kulileta", "tutakutana na kamati", "ndani ya mwaka huu wa fedha". Shilingi iliyorudishwa baada ya ahadi ya namna hiyo imefanya kazi kuliko hotuba ya dakika kumi iliyopigiwa makofi mara nane. Tatizo ni muda: ukifika ukomo, giliotini inashuka, vifungu vilivyobaki vinapita bila hata swali.

Sasa nikupe mfano mmoja nikauingie kwa undani, kwa sababu unagusa kazi yako moja kwa moja: taulo za kike.

Miaka ya 2017 na 2018 suala la sodo kwa wasichana wa shule lilivaliwa njuga na wabunge wanawake wa pande zote, na miongoni mwa sauti za mbele alikuwa Upendo Peneza, mbunge wa viti maalumu wa CHADEMA. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Msichana asiye na taulo anakosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na Serikali bado inatoza kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18 juu ya kitu hicho. Bajeti ya 2018/19 ikaja, msamaha wa VAT kwenye taulo za kike ukawemo. Ukiisoma hotuba ya bajeti utaona ni hatua ya Serikali, na ndivyo inavyokuwa siku zote: waziri wa fedha hasomi hotuba yake akasema hili nimelichukua kwa mbunge wa upinzani. Ukitaka kuupata mchango wa upinzani kwenye sera za jamii, usiutafute ndani ya hotuba ya Serikali. Rudi nyuma mwaka mmoja au miwili kwenye michango, uangalie nani alikuwa analisema wakati waziri bado anakataa.

Lakini kisa hakikuishia kwenye ushindi. Mwaka mmoja baadaye, bajeti ya 2019/20, waziri wa fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, akapendekeza msamaha uondolewe. Sababu: bei dukani haikushuka, wafanyabiashara ndio walionufaika. Bunge likapitisha. Badala yake viwanda vipya vya taulo hizo vikapunguziwa kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili.

Kwa nini bei haikushuka? Watu wengi walibaki kuwalaumu wenye maduka, na wapo waliostahili. Jibu lingine liko kwenye aina ya nafuu yenyewe. Kodi ikisamehewa, mwenye kiwanda haandiki VAT kwenye bidhaa anayouza, lakini VAT aliyoilipa kwenye pamba, plastiki na vifungashio harudishiwi. Anaimeza, kisha anaificha ndani ya bei. Ingewekwa kwenye kiwango cha sifuri, angerudishiwa, na hapo ungekuwa na haki ya kumwuliza kwa nini hateremshi. Hilo ni jambo la mstari mmoja ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaopita mwishoni mwa Juni wakati kila mtu amechoka na anafikiria kurudi jimboni. Yaani hoja ilishinda kwenye mjadala, ikaja kudhoofika kwenye jedwali la sheria. Ndiyo maana nikiulizwa mbunge gani wa upinzani ni mzuri, nauliza kwanza nani alikuwepo ukumbini siku ya Muswada wa Fedha na alisimama kwenye kifungu gani.

Mfano mwingine ni wa hoja iliyoshindwa. Mwanzoni mwa 2013 James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa na Rais, alileta hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu: mitaala, vitabu, ubora. Hoja haikupita. Wiki chache baadaye, Februari, yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei Serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya. Siwezi kukuambia tume ilizaliwa na hoja ya Mbatia. Ilizaliwa na sifuri za watoto. Ila nchi ilipoanza kuuliza tulifikaje pale, maswali yalikuwa yamekwisha kuulizwa na yalikuwa yameandikwa.

Turudi huku kwetu. Joseph Mbilinyi, Sugu, alikaa Mbeya Mjini miaka kumi, na Mchungaji Peter Msigwa Iringa Mjini miaka ileile. Ukiwapima kwa hotuba za afya utawaonea, kwa sababu kambi ya upinzani huwa inagawa kazi. Msigwa kwa kipindi alikuwa waziri kivuli wa maliasili na utalii, Sugu wa habari, utamaduni na michezo. Hotuba ndefu, zile zilizofanyiwa utafiti na kusomwa kwa niaba ya kambi nzima, zilikuwa za wizara hizo. Kwenye elimu na afya walichangia kama wabunge wengine, kwa dakika walizopewa, huku kengele ya pili ikiwasubiri. Kwa hiyo ukitaka msimamo wa upinzani wa miaka ile kuhusu afya, tafuta hotuba ya msemaji wa kambi kwa wizara ya afya, hata kama huyo msemaji anatoka mkoa ambao hujawahi kufika.

Upinzani nao usiupambe. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki alitaka Bunge lisimamishe shughuli lijadili jambo hilo, Naibu Spika Dkt. Tulia Ackson akakataa, vurugu zikatokea, na wabunge wa upinzani wakaanza kususia vikao alivyoviongoza yeye, takribani mpaka bajeti ikaisha. Hasira yao naielewa. Lakini fungua Hansard za Juni 2016, mwezi wa bajeti kuu, uone zilivyo bila wao. Aliyetoka nje hakushika shilingi ya mtu. Na ndiye huyohuyo Dkt. Tulia aliyekuja kulichukua jimbo la Mbeya Mjini 2020, kwa hiyo mjadala wa kijiwe chenu una mizizi kuliko mnavyodhani.

Jambo jingine lililowachanganya watu wa Mwanjelwa ni televisheni. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani. Kuanzia hapo kilichowafikia wengi ni vipande, na kipande kinachosambaa ni cha ugomvi. Swali la kasma ya dawa halisambai. Kwa hiyo anayesema walipiga kelele tu anasema kweli kuhusu alichokiona.

Baada ya 2020 hali ikawa nyingine kabisa. Kanuni zinataka upinzani uwe na angalau asilimia 12.5 ya wabunge ndipo pawepo Kambi Rasmi. Bunge la 12 halikufikia, na hotuba mbadala za wizara zikapotea. CHADEMA ilibaki na jimbo moja tu, tena huku Nyanda za Juu Kusini: Nkasi Kaskazini mkoani Rukwa, kwa Aida Khenani. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa kamati za hesabu, ambazo kwa desturi huongozwa na upinzani. Ile ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, iliongozwa na Halima Mdee, ingawa chama chake kilikuwa kimekwisha kumfukuza na hadhi ya ubunge wake ilibishaniwa mpaka mahakamani. Wewe uliye halmashauri unaijua LAAC kuliko mimi. Ile mikopo ya asilimia 10, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iliingia kwenye sheria 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha vikundi visivyorejesha na vingine visivyokuwepo, ikarudishwa Julai 2024. Mambo ya namna hiyo yanakamatiwa kwenye kamati, na kwenye vyumba vya kamati hakuna wa kumpigia makofi.

Sasa uliniuliza unapimaje. Usianze na jina la mbunge, maana utaishia kumtetea au kumlaani. Anza na suala moja. Kwa mkoa wako na majirani zako, mimi ningechukua udumavu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi! Mbunge yeyote anaweza kusimama akasema ni aibu, na wengi wamesema. Sasa tafuta aliyeuliza kuhusu ile Sh 1,000 ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Aliuliza imetengwa, au aliuliza imetoka? Wewe unajua tofauti ya kutengwa na kutoka. Kwenye bajeti ya halmashauri hilo ndilo jambo lenyewe.

Hansard zipo kwenye tovuti ya Bunge, zimepangwa kwa mkutano na kikao. Pakua za Aprili hadi Juni, fungua siku ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na siku ya Afya, tafuta neno "lishe" na neno "udumavu". Usiruke kurasa za michango ya maandishi mwishoni mwa mjadala. Wabunge wasiopata dakika huandika pale, na wakiandika hupunguza vijembe wakaweka takwimu. Ukikuta mabano yanayosema maneno fulani si sehemu ya Taarifa Rasmi za Bunge, ujue kuna kitu kiliamriwa kifutwe, usipoteze siku ukikitafuta. Ukipata ahadi ya waziri, iandike pamoja na tarehe, kisha fungua kikao cha wizara hiyohiyo mwaka unaofuata uone nani aliikumbuka. Huyo aliyeikumbuka, wa chama chochote, mpeleke kijiweni ukamtaje kwa jina.

Na kwa kuwa uko ndani ya halmashauri, huhitaji hata kusubiri Bunge. Taarifa ya robo mwaka ya lishe inapita kwenye kamati yenu. Angalia Sh 1,000 yenu ilitoka ngapi kwa kila mtoto hadi mwisho wa robo ya tatu, mpe diwani namba hiyo na mbunge naye umpe, kabla hajaondoka kwenda Dodoma mwezi wa nne.